Pampu Aliyochukua Komba

Mwanangu Shabani,

Salamu sikuletei. Tumesalimiana asubuhi, ukanipa shikamoo ya haraka nami nikakupa marahaba ya haraka zaidi, kila mmoja akashika njia yake. Wewe uko Gongoni unamsaidia Bwana Zuberi kuifungia mashine yake kwenye majani makavu isije ikavunjika safarini. Mimi nimefunga kibanda mapema, nimenawa grisi, nimeketi hapa uani kwenye kigoda na ubao wa kukatia mboga juu ya magoti. Kuna mteja amechungulia, akanikuta naandika, akaniuliza kama nimepata cheo kwenye chama. Nimemwambia aje kesho kutwa na tairi lake.

Naandika kwa sababu tukizungumza tunaharibu. Juzi nilipoanza habari ya safari yako nilipandisha sauti kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nawe ukatazama ukuta. Hiyo tabia ya kutazama ukuta umeirithi kwangu, kwa hiyo siwezi hata kukulaumu. Nitakupa barua hii mkononi ukishakula. Nakuomba uisome leo, kabla hujalala. Usingoje mpaka uingie kwenye treni, maana huko utakuwa umechelewa.

Habari za sweta, za kutonunua vitu dirishani, za kuvua viatu na kuviweka chini ya kichwa, shangazi yako Mwamvua ameshakwambia zote na kesho atazirudia tangu mwanzo. Mimi nina habari moja tu, nayo ni ya mama yako. Unajua alikufa. Unajua Zuberi alikuwa anamtibu. Hilo sijakuficha hata siku moja. Lakini hatujawahi kukaa chini mimi na wewe tukalizungumza, na sasa unaondoka na mtu yule yule, kwenda kufanya kazi ile ile.

Kwanza nikwambie kwamba najua kwa nini unakwenda. Hukuchaguliwa kuingia sekondari, na siku ile nilijitia kusema shule si kitu, kumbe niliingia ndani nikafunga mlango. Kibanda chetu sasa ni cha ushirika wa mafundi. Tairi zikija zinaishia kwa watu wa mjini kabla hazijafika huku kwetu Ng'ambo, na gundi ya kuzibia pancha tunaigawana kama dawa ya macho. Kijana asiye na kazi ya kumwonyesha balozi wa nyumba kumi anaandikwa jina, anapakiwa kwenye lori, anakwenda kuanza maisha kwenye kijiji kipya porini akilima tumbaku. Umewaona wenzako wakipakiwa. Mimi pia nimewaona, na kila lori likipita hapa nje moyo wangu unapiga mpaka lifike kona.

Halafu akatokea Zuberi. Miaka yote hiyo hatujui yuko wapi, mara kaingia na miwani na mvi na mashine mpya, akasimama mbele ya kibanda akasema, "Huyu ndiye? Huyu ndiye mwanangu niliyemponya?" Akakushika mabega mbele ya watu wote. Niliyaona macho yako, Shabani. Hakuna mtu aliyekushika mabega namna ile mwaka huu mzima, na wa kwanza ambaye hakukushika ni mimi. Usiku ule ule ulisema unakwenda naye Mwanza.

Sasa nisikilize. Babu yako, baba yangu, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji kupita hapa kwenda pwani, kabla reli haijafika. Begani alikuwa na nundu ngumu ambayo sisi watoto tulikuwa tunagombea kuigusa. Hata alipozeeka na mizigo imekwisha, alikuwa akienda kwa bibi mmoja kuumikwa. Bibi anamchanja mgongoni, anabandika pembe ya ng'ombe, anaivuta hewa kwa mdomo, na damu nyeusi inatoka na kuganda mle ndani. Baba anarudi anatembea wima, anasema, "Nimetoa uchafu." Kwa hiyo mimi nimekua nikijua kwamba damu inaweza kuwa chafu na kwamba yuko mtu anayeweza kuisafisha. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Lilikuwa nyumbani kama kinu na mchi.

Ndiyo maana Zuberi alipokuja mara ya kwanza hatukumshangaa sana. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera ya pale bomani haijapauka hata kidogo. Alitokea Unguja, akasema huko amefundishwa na Wajerumani. Alipanga vyumba viwili Gongoni kwenye nyumba ya Waarabu kwa sababu ilikuwa na umeme. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye mrija wa kioo juu yake. Ukiiwasha inanguruma kwa chini chini na ndani ya kioo unaona cheche za buluu zinacheza. Chumba kizima kinanuka ile harufu ya radi ikishapiga karibu. Zuberi anamtoa mgonjwa damu mkononi, anaiweka kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, anaipitishia ile hewa inayotoka kwenye kioo, na damu inatokota mapovu. Inaingia nyeusi, inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Kisha anaitundika ile chupa juu na kuirudisha damu mwilini kwa mpira.

Yeye alikuwa na jina refu la hiyo tiba, la Kijerumani. Watu wa Tabora hawakuwa na muda nalo. Wakasema fulani amekwenda kutiwa upepo. Na mimi, fundi baiskeli, mtu ambaye tangu asubuhi mpaka jioni natia watu upepo, unafikiri nilisikia nini? Nilisikia kazi yangu mwenyewe ikisifiwa.

Wewe ndiye niliyekupeleka kwanza. Ulikuwa mdogo, tumbo limevimba kwa bandama, homa inakuja inakwenda. Zuberi alikutoa damu kidogo tu kwa sindano, akaitia ile hewa, akakudunga nayo kwenye tako. Ulimpiga teke la kidevu. Baada ya muda homa ikaacha, ukaanza kula, ukaanza kuniibia spana. Nilimtangaza Zuberi mpaka msikitini.

Lakini nakwambia na hili, ambalo Zuberi hatakwambia. Katika siku hizo hizo mama yako alikuwa anakusagia vidonge vichungu vya homa alivyopewa zahanati, anavichanganya kwenye uji, wewe unatema, yeye anakukaba pua mpaka unameza. Mvua nazo zilikuwa zimekatika na mbu wamepungua. Kipi kilichokuponya mimi sijui. Nimekaa na swali hilo miaka yote, na naapa sijui. Kosa langu halikuwa kukupeleka. Kosa langu ni kwamba siku ile nilikuwa na uhakika.

Mama yako akaanza kukohoa. Alikuwa mwembamba tangu asili, kwa hiyo alipopungua hatukuona upesi. Alipotema damu kwenye leso tukaenda hospitali ya serikali, wakampiga picha ya kifua, wakamwambia ni kifua kikuu. Wakasema atachomwa sindano kila siku kwa miezi mingi na kumeza vidonge, na kwa mwanzo atalala kule kwenye wodi ya peke yake, mtoto asiingie. Alilala kidogo, akatolewa, akawa anakwenda kila asubuhi kuchomwa. Sindano zile zilimfanya masikio yavume. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa hapa mtaani. Kwenye shughuli walianza kumtengea kikombe chake. Hawakusema neno, walikitenga tu. Mama yako alikuwa na ulimi mkali, Shabani, hakuna aliyemshinda kwa maneno hapa Ng'ambo, lakini kikombe hakijibiwi kwa maneno. Akawa anarudi shughulini mapema, analala amegeukia ukutani.

Zuberi akaja kibandani. Alikuja na baiskeli yake, haina kasoro yoyote, akasimama ananitazama ninavyofanya kazi.

"Fundi," akasema, "tairi likikosa upepo, unalitupa?"

"Silitupi," nikasema.

"Unalichoma sindano?"

Nikacheka. "Nalitia upepo."

"Basi damu ya mkeo imekosa hewa, ndugu yangu. Hayo mengine ni majina ya hospitali ya kutisha watu. Mtu ana damu nzito, wanamwita kifua kikuu mpaka majirani wanamkimbia."

Umeona alivyofanya? Hakuniletea Kijerumani. Alikuja na lugha ya kibanda changu, akanipa na jina jipya la ugonjwa, jina ambalo halitengewi kikombe. Damu nzito. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopenda kujua ukweli. Jioni nikalipeleka nyumbani kama mtu aliyenunua kanga.

Mama yako akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi si baiskeli, Baba Shabani."

Nikamwambia, "Na mtoto je? Si alipona?"

Akakutazama, ulikuwa unacheza pale pale miguuni petu. Hilo ndilo lililomwingiza Gongoni, si Zuberi. Wewe ulikuwa huna kosa, ulikuwa mtoto aliyenenepa. Mimi ndiye niliyekuweka mbele yake kama ushahidi. Na niseme kweli yote, alikuwa amechoka pia. Alichoka masikio kuvuma, alichoka kutembea jua kali kwenda kuchomwa na kurudi. Tukakubaliana kwamba ataacha sindano kwa muda, aone. Zuberi alisema dawa mbili hazikai chungu kimoja, na sisi tukaona amesema jambo la busara.

Nilikuwa naenda naye. Nilikuwa nakaa kwenye benchi naangalia ile chupa. Nitakwambia kitu cha aibu: nilikuwa nafurahi. Damu inaingia nyeusi inatoka nyekundu, na kila mara nilisema moyoni, haya, imepona. Mama yako naye mara za mwanzo alirudi na nguvu, akapika, akamtania shangazi yako mpaka akalia kwa kicheko. Shughulini akatangaza mwenyewe kwamba ni damu nzito, na wakampa kikombe cha wote. Kile kikombe alikunywa taratibu sana. Nilikuwa dirishani namwona.

Kisha kikohozi kikarudi na vitu vingine juu yake. Mkono uliokuwa ukichomwa ukavimba, ukawa wa moto, mwekundu mpaka kwapani. Zuberi akasema huo ni uchafu unatoka. Nikakumbuka baba yangu na pembe ya ng'ombe, nikaona ni kweli, uchafu unatoka. Nikamsisitiza aende tena. Safari ile ya mwisho nilimpakia nyuma kwenye baiskeli kwa sababu hakuweza kutembea, na njiani alikuwa ameniegemea mgongoni. Joto lake lilipita kwenye shati. Tulipofika akaniambia nimshike asianguke wakati wa kushuka. Siku ile ningeweza kugeuza baiskeli. Barabara ya hospitali tuliipita. Naijua hata leo ile kona, na ndiyo maana nikitumwa kupeleka kitu upande ule nazunguka.

Tuliporudi hospitali alikuwa hajitambui. Mganga aliyekuwa zamu alitafuta habari zake akaona ameacha sindano zamani. Akaniuliza, "Kwa nini aliacha?" Hakuuliza kwa ukali. Nikatazama ukuta. Mama yako akafa asubuhi, nikiwa nimetoka kumtafutia maji ya kunywa.

Sasa nakuja kwenye matanga, na hapa ndipo ninapokuomba uache kutazama ukuta.

Mzee Komba unamjua, yule mchukuzi wa stesheni, Mngoni. Unajua Wangoni na sisi Wanyamwezi ni watani tangu mababu zao walipopigana na mababu zetu kwenye nchi hii. Vita vikaisha, vikabaki vicheko. Na unajua mtani ana ruhusa msibani. Wakati sisi wafiwa tumeinamisha vichwa, yeye anakuja kulia uongo, kumwigiza marehemu, kututukana, na chochote atakachokishika ni chake, na ole wake atakayekasirika. Komba alikuja maiti ikiwa ndani inaoshwa. Alinitazama pale mkekani, akapita moja kwa moja mpaka kibandani kwangu, akarudi na pampu yangu ya mkono.

Akajilaza katikati ya uwanja. Akaingiza mpira wa pampu kwenye mkono wa shati, hapa penye kiwiko, akaanza kujipiga pampu kwa mkono wa pili huku anajaza mashavu na kutoa macho. Watu wakaanza kucheka. Akajaa, akajaa, akaegemea nyuma, halafu akaachia, pssss, akanywea chini kama mpira uliotoboka. Akainua kichwa akaniambia, "We Mnyamwezi, fundi gani wewe? Unatia upepo tu, unatia upepo tu. Tundu umelitafuta?"

Uwanja mzima ulicheka. Wazee walishika mbavu. Zuberi alikuwepo, amekaa na wazee, naye akacheka mpaka akafuta macho. Na mimi, Shabani, nilicheka. Ndivyo desturi ilivyo. Mfiwa akicheka watu wanajua ataishi. Nilicheka kwa sauti kabisa na mke wangu anaoshwa nyuma ya pazia.

Ulikuwa umekaa kwa shangazi yako. Ukajitoa mikononi mwake. Komba alikuwa ameiweka pampu chini anajipangusa vumbi. Ukaiokota kwa mikono miwili, ilikuwa ndefu kwako, ukaja nayo mpaka kwenye magoti yangu. Ukasema, "Baba, mtie mama upepo."

Hukumbuki. Nimekuchunguza miaka mingi na najua hukumbuki. Ulikuwa hutanii, ulikuwa umeleta chombo kwa fundi. Kicheko kilikatika. Nilikuwa nimekaa na mikono yangu hii hapa, na sikuweza kuipokea ile pampu. Nilimwona Zuberi anatafuta viatu vyake. Komba ndiye aliyekuja akachuchumaa mbele yako, akakutoa pampu mikononi taratibu, akasema, "Hii ni yangu, mtani, nimeichukua msibani." Akaondoka nayo. Alikuwa analia, na safari hii hakuwa anaigiza. Pampu hajairudisha mpaka leo na mimi sijaidai, kwa kuwa ni haki yake.

Baada ya matanga nilimfuata stesheni. Nilimuuliza kama alikuwa anajua, kama alikuwa ananiambia kweli. Akaweka mzigo wa watu chini, akasema, "Ningekwambia kwa heshima, ungenipiga spana." Na ndivyo ningefanya. Mtaa mzima ulisikia maneno yake siku ile, na kwa sababu yalikuwa utani hakuna aliyeyajibu wala kuyafuata. Tulicheka, tukazika, tukala. Zuberi akahama kwa amani, watu wakamsindikiza.

Maneno ya Komba nimeyatafuna muda mrefu. Mteja akileta tairi limelala, wewe mwenyewe unajua tunavyofanya, nilikufundisha ukiwa hujafika kimo cha beseni. Hatutii upepo tukamwachia aondoke. Tunautoa mpira wa ndani, tunauzamisha kwenye maji, tunangoja povu lituonyeshe tundu. Ukijaza upepo kwenye pancha na kumwambia mteja haya nenda, huyo unamuibia. Atafika kona ya kwanza, tena pengine na mizigo. Nimefanya kazi hii nywele zimepata mvi na sijawahi kumfanyia mteja hivyo, hata mlevi, hata Mngoni. Nilimfanyia mama yako.

Sikwambii mashine ile ni ya shetani. Ni kioo na waya na cheche. Pengine wako iliowafaa, mimi si mganga, sijui. Kifua ndicho kilichomuua mama yako, na mkono ule uliooza, na kona ile niliyoipita. Lakini hospitali walikuwa wameliona tundu na wanaliziba polepole, na mimi nilimtoa mikononi mwao kwa sababu kuziba kunachosha na rangi nyekundu kwenye chupa inapendeza.

Wala sikukatazi kwenda. Una ndevu. Nikikukataza utakwenda na hasira, na nikikuzuia hapa lori litakuja kukuchukua na nitakuwa mimi niliyekukabidhi. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni upande usiouma. Ila usidanganyike kuhusu unachokwenda kufanya. Zuberi hahitaji mikono yako. Wako vijana Mwanza wanaojua kubeba masanduku. Anauhitaji mwili wako. Atakusimamisha mbele ya watu, hapa Tabora, Shinyanga, kila atakaposhuka, atasema, tazameni mtoto huyu, alikuwa anakufa nikampa hewa. Na watu watakutazama ulivyo mrefu, ulivyo na kifua kipana, wataamini kama nilivyoamini. Atakuwepo mwanamume mmoja nyuma ya umati, mkewe anakohoa nyumbani, wametengewa kikombe. Atarudi nyumbani akamwambie, nimemwona kijana aliyepona.

Nilikuweka mbele ya mama yako ukiwa mtoto, hukuwa na la kusema. Sasa anakuweka mtu mwingine, na wewe ni mtu mzima, mdomo unao. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, silijibu mimi. Mwanamume yule akikuvuta pembeni akakuuliza, "Na mama yako yu mzima?" utamwambia nini?

Ukimwambia kweli, Zuberi atakuacha kwenye stesheni ya kwanza, na utarudi hapa na aibu, na aibu hiyo nitakusaidia kuibeba. Nitakushika mabega, mbele ya watu, nimechelewa lakini nitakushika. Ukimdanganya, hutajua kamwe mkewe alifika wapi. Mimi najua wangu alikofika, na sikutakii hata kujua wala kutojua.

Kesho nitakuja stesheni. Sitasema kitu, nimeshajijua. Nitakubeba sanduku, nitakupa mkono, nitatazama ukuta. Lakini leo mchana, kabla ya kuanza barua hii, nimekwenda kwa Komba. Nimemkuta amekaa kwenye mkokoteni wake, mzee sasa, magoti hayamtii. Nimemweleza nani anasafiri na nani. Akaniuliza kama anayo ruhusa ya utani hata pasipo msiba. Nimempa.

Atakuwepo kwenye behewa lenu kabla treni haijaondoka, Zuberi akiwa ameketi na mashine yake na abiria wote wanatazama. Atakuja na ile pampu. Sijui atafanya nini nayo, hakuniambia na sikumuuliza. Watu watacheka, Zuberi atacheka kuliko wote, na shangazi yako naye hataweza kujizuia. Mimi safari ile nilicheka. Wewe mwanangu, safari hii usicheke.

Baba yako,
fundi wa Ng'ambo